Namba Ina Kwao

Kabla muhula wa kwanza haujafika katikati, mwanafunzi wa jiografia atakuwa ameshapewa swali la namna hii: "Barafu ya Mlima Kilimanjaro inatoweka. Jadili." Usiku huohuo madesa yanaanza kuzunguka kwenye kundi la darasa, na ndani yake imo namba moja ambayo kila mtu ataiandika: asilimia 80 ya barafu imeshapotea. Namba hiyo si ya uongo. Lakini muulize aliyeiandika: asilimia 80 ya nini? Kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani? Nani alipima, kwa kifaa gani, akiwa amesimama wapi? Hapo mazungumzo hufa.

Kidato cha sita ulifundishwa kukumbuka. Ulipewa kitabu kimoja au viwili, ukavimeza, na mtihani ukauliza yaliyomo. Chuo kikuu kinadai jambo jingine: uweze kusema unachokijua kimetoka wapi, na kama kinastahili kuaminiwa. Kwa mwanajiografia dai hili lina uzito wa pekee, kwa sababu karibu kila tunachokisema kilianza na mtu aliyekwenda mahali fulani, siku fulani, akapima, akahesabu au akachora. Namba ina kwao. Maktaba ndiyo njia ya kuirudisha huko, na ustadi wote ninaoueleza katika sura hii, kuanzia katalogi hadi chumba cha ramani, unatumikia kazi hiyo moja.

Nitaushikilia Kilimanjaro kwa sehemu kubwa ya safari. Ni mlima unaofahamika, umeandikwa kwa zaidi ya miaka 150, na wanaouandika hawakubaliani. Kwa kujifunzia, sijui mfano unaouzidi.

Rafu zisizokaa pamoja

Mgeni wa maktaba huuliza, "Vitabu vya jiografia viko wapi?" Mkutubi atamwonyesha rafu moja, naye atarudi na kitabu kimoja cha zamani akiamini hakuna kingine. Kilichompoteza ni lile swali. Jiografia haina rafu moja.

Maktaba zinazofuata mfumo wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, huweka jiografia na safari kwenye 910, na Tanzania imepata 916.78. Atlasi na ramani ziko 912. Lakini barafu hutaikuta 916.78. Barafu na mmomonyoko viko 551.3, tabianchi 551.6, jirani na elimu ya miamba. Maji kama rasilimali yako 333.91. Misitu imekwenda 634.9, pamoja na kilimo. Idadi ya watu ni 304.6, na historia ya Wachaga chini ya utawala wa Wajerumani utaifuata 967.8. Vyuo vikuu vingi hutumia mfumo mwingine, ule wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaoanza na herufi: jiografia kwa jumla ni G, jiografia ya maumbile GB, tabianchi imejificha ndani ya QC pamoja na fizikia, miamba QE, misitu SD, idadi ya watu HB, na historia ya Afrika DT.

Kwa hiyo swali moja la Kilimanjaro litakupandisha ngazi na kukuteremsha. Usilalamike. Mtawanyiko huo unakufundisha kitu kuhusu somo ulilolichagua: mwanafizikia, bwana misitu na mwanahistoria wote wameugusa mlima uleule, kila mmoja na maswali yake, na ni wewe unayetakiwa kuwakutanisha.

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa Novemba 2018, ilijengwa ichukue vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Kuingia humo bila namba ya kitabu mkononi ni kama kuingia Kariakoo bila kujua unanunua nini. Anza na katalogi ya kompyuta. Nakili namba nzima, herufi zake na desimali zake zote, kisha ndipo uende rafuni. Ukikifikia kitabu, usikimbie nacho. Tazama vilivyo kulia na kushoto kwake, maana mpangilio wote ulibuniwa ili vinavyofanana vikae jirani, na mara nyingi kitabu kinachokufaa zaidi ni kile ambacho katalogi haikukuonyesha.

Maneno kabla ya kompyuta

"Barafu ya Kilimanjaro" ni mada. Mada haitafutiki, kwa sababu hujui lini umelipata jibu. Igeuze iwe swali, na uliandike kwenye karatasi kabla hujagusa kompyuta: Je, kupungua kwa barafu kumeathiri maji ya bonde la Mto Pangani? Au: kati ya joto kuongezeka na unyevu kupungua, kipi kimeila zaidi barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima huu? Maswali haya mawili yanatumia mlima mmoja lakini yanakupeleka kwenye rafu tofauti kabisa.

Chini ya swali, andika maneno ya kutafutia. Hapa wengi hukwama, kwa sababu tumezoea kuongea na mkutubi, ambaye huelewa tunachomaanisha. Kanzidata haielewi maana. Inalinganisha herufi. Ukiandika sentensi nzima, itakuletea takataka. Ukikosea herufi moja ya jina, itakuambia hakuna. Sehemu kubwa ya makala za kitaalamu kuhusu Afrika Mashariki iko kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yako yawe ya Kiingereza, ila usiishie neno moja. Kamusi ya jiografia ikupe visawe vyake. Kisha tumia amri chache ambazo karibu kanzidata zote zinazielewa. Ukiweka AND kati ya maneno mawili, yote mawili lazima yawemo. OR huleta lolote kati yao, na ndiyo ya kuunganishia visawe. Alama za kunukuu hushikanisha maneno yasitengane. Nyota huachia mwisho wa neno wazi: ukiandika glaci* utapata glacier, yaani barafu ya mlimani, kwa umoja, kwa wingi, na hata kama kivumishi. Ukipata matokeo elfu kumi, ongeza neno. Ukipata mawili, toa neno au ongeza kisawe.

Na sisi wa jiografia tuna mtego wetu wenyewe: mahali hubadili majina. Mwandishi wa Kijerumani wa karne ya 19 hakuandika Kilimanjaro kama tunavyoandika. Utakuta Kilimandscharo, Kilimandjaro, na kwa Waingereza wa wakati huo Kilima-Njaro. Kilele tunachokiita Uhuru kiliitwa Kaiser-Wilhelm-Spitze. Anayechunguza udongo wa Lushoto asipotafuta Wilhelmstal, na anayechunguza kahawa ya Tukuyu asipotafuta Neu Langenburg, atahitimisha kwamba hakuna kilichoandikwa kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kiliandikwa, na kwa wingi. Kabla ya kutafuta mahali popote, tengeneza orodha ya majina yake yote, tahajia zake zote, na nchi zote ambazo mahali hapo pamewahi kuhesabiwa kuwa ndani yake: Afrika Mashariki ya Kijerumani, Tanganyika, Tanzania.

Usiache Kiswahili pia. Sera na ripoti nyingi za serikali zina toleo la Kiswahili, na wakati mwingine ndimo yalimo maelezo ya wilaya ambayo makala za kimataifa hazina.

Kurudi nyuma, kisha kwenda mbele

Sasa tuifuate ile asilimia 80.

Ukitafuta kwa maneno mazuri utafika kwenye makala iliyotoka katika jarida la Science mwaka 2002. Mwandishi wake wa kwanza ni Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani. Mwaka 2000 timu yake ilipanda Kibo, ikatoboa barafu na kutoa nguzo sita nyembamba ambazo tabaka zake zilisomwa ili kujua tabianchi ya maelfu ya miaka iliyopita. Humo ndimo namba yetu ilimopata umaarufu: barafu iliyofunika kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912 ilikuwa imebaki kilomita za mraba 2.6 mwaka 2000. Waandishi walisema upungufu ni takriban asilimia 80. Neno "takriban" lilidondoka njiani kabla halijayafikia madesa, na miaka nayo ikadondoka.

Lakini Thompson hakuwepo mwaka 1912. Kwa hiyo ile 12 ameitoa kwa mtu. Nenda kwenye orodha ya marejeleo mwishoni mwa makala. Wanafunzi huiruka orodha hii kana kwamba ni mapambo, ilhali ndiyo sehemu ya makala inayokupa njia. Utakuta makala ya Hastenrath na Greischar ya mwaka 1997 katika Journal of Glaciology, inayolinganisha barafu ya Kilimanjaro ya mwaka 1912, 1953, 1976 na 1989. Hawa nao hawakuwepo 1912. Rudi nyuma tena. Utafika kwa Mjerumani Fritz Klute, aliyeupanda mlima mwaka 1912 pamoja na Eduard Oehler wakiwa na kamera ya kupimia, wakaupiga picha kutoka pande mbalimbali, na kutoka picha hizo Klute akachora ramani ya kipimo cha 1:50,000. Kitabu chake kilichapishwa Berlin mwaka 1920.

Hapo ndipo kwao. Hatua tatu tu: 2002, 1997, 1920. Na ona ulichokipata. Umegundua kwamba 1912 haukuwa mwaka ambao barafu ilianza kupungua. Ulikuwa mwaka ambao mtu mwenye kifaa cha kupimia alifika. Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alirudi mlimani mwaka 1898 na akaandika kwamba barafu imerudi nyuma tangu alipoiona mara ya kwanza. Kumbe kupungua kulianza kabla ya kipimo chetu cha kwanza. Mwanafunzi anayeijua tofauti hii hawezi tena kuandika insha ileile wanayoandika wenzake.

Ukiwa na moyo, nenda nyuma zaidi, hadi 11 Mei 1848, siku ambayo mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya mlima na kuutambua kuwa ni theluji. Taarifa yake ilichapishwa Uingereza mwaka uliofuata. Mjini London, mwanajiografia William Desborough Cooley, aliyekuwa ameisoma Afrika vitabuni bila kukanyaga bara lenyewe, aliipinga: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Baron Karl Klaus von der Decken aliupanda mlima kwa sehemu mwaka 1861 na tena 1862, akathibitisha theluji ipo, na bado Cooley hakukubali. Nawaeleza wanafunzi kisa hiki kwa makusudi. Cooley alikuwa msomaji hodari, mwenye kumbukumbu kubwa ya maandishi ya Waarabu na Wareno. Alichokosa ni lile swali dogo la mwanzo: nani alisimama hapo? Alizipa hoja zake uzito kuliko macho ya aliyekwenda. Maktaba ikitumiwa hivyo humpofusha mtu.

Mpaka hapa tumerudi nyuma tu. Makala ya 2002 ni ya zamani, na kuna watu walioisoma na kuijibu. Kwenye Google Scholar, chini ya kila makala kuna kiungo kinachokuonyesha kazi zote zilizoitaja baadaye. Kanzidata kubwa zina kitu hichohicho. Kwa makala maarufu kama hii orodha ni ndefu, kwa hiyo ndani ya orodha hiyo tafuta tena kwa jina Kilimanjaro.

Utakutana na Georg Kaser na wenzake, mwaka 2004, katika International Journal of Climatology. Mmoja wa waandishi hao, T. M. Hyera, alitoka taasisi ya hali ya hewa ya Tanzania. Hoja yao ni kwamba kilichoanzisha kupungua kwa barafu ya Kibo mwishoni mwa karne ya 19 ni ukavu wa hewa, mawingu na theluji vikawa vichache na jua likapata nafasi, kuliko joto la hewa kupanda. Hawakatai mabadiliko ya tabianchi duniani. Wanasema njia yake mlimani hapa ni ya mzunguko kuliko tunavyodhani. Kisha utakutana na Andreas Hemp, 2005, aliyeihamisha hoja kabisa: kwa maji ya watu wa chini, msitu una uzito kuliko barafu, kwa sababu msitu hunasa mvua na ukungu, na moto umekuwa ukiushusha mpaka wake wa juu. Ikiwa swali lako ni la Pangani, Hemp ndiye anayekugusa zaidi, na hata hivyo neno barafu kwenye kichwa cha swali lingekufanya umpite.

Mwisho utafika kwa Nicolas Cullen na wenzake, mwaka 2013, katika jarida la The Cryosphere, ambalo linasomwa bure na mtu yeyote. Hawa waliichukua ramani ileile ya Klute wakaisoma upya, wakalinganisha na picha za setilaiti. Kwa 1912 hawakupata 12. Walipata kilomita za mraba 11.40. Kwa 2011 walipata 1.76. Upungufu, takriban asilimia 85. Karatasi moja ya Berlin, wasomaji wawili, namba mbili. Hakuna aliyedanganya: mpaka kati ya barafu na theluji ya msimu haujichori wenyewe kwenye picha, lazima mtu aamue.

Na ule utabiri wa 2002, kwamba hali ikiendelea vile barafu itakwisha kati ya 2015 na 2020? Miaka hiyo imepita na barafu bado ipo. Cullen na wenzake walisogeza mbele: waliona ya miteremko ya magharibi itatoweka kabla ya 2020, iliyobaki ya juu na kusini pengine ifikapo 2040, na ni vigumu kipande chochote kivuke 2060. Usiitupe makala ya zamani kwa sababu utabiri wake ulikosa. Tenganisha kilichopimwa na kilichokisiwa. Nguzo za barafu za mwaka 2000 zitabaki kuwa ushahidi hata siku ambayo hakutakuwa na barafu ya kutoboa tena.

Kuhusu namna ya kusoma makala zenyewe nitasema machache. Usianze neno la kwanza ukaenda hadi la mwisho. Soma ikisiri. Kisha tazama ramani, grafu na majedwali, usome maelezo yaliyo chini yake. Kisha ruka hadi hitimisho. Ukiona makala inakufaa, ndipo uingie sehemu ya mbinu, na hapo usiharakishe, kwa sababu ndiyo inayoeleza nani alipima nini na lini.

Neno moja kwa wanaouliza programu za akili mnemba ziwatafutie marejeleo. Programu hizo zinaweza kukutungia makala isiyokuwepo, yenye mwandishi wa kweli, jarida la kweli na mwaka unaoaminika. Kila rejeo unalopewa, na mashine au na rafiki, litafute wewe mwenyewe kwenye katalogi au kwenye tovuti ya jarida. Lisipoonekana popote, usilitumie. Ukishindwa kulipata kwa sababu ni la kulipia, muulize mkutubi kabla hujakata tamaa: vyuo vyetu vingi vinafikia maelfu ya majarida kupitia Research4Life kwa nenosiri la maktaba, na majarida mengi ya Afrika yamekusanywa kwenye African Journals Online.

Ramani na sensa

Ramani ni maandishi, na ina mwaka wake. Mwanafunzi akiifunua ramani ya 1:50,000 hutafuta kijiji chake kwanza, na si vibaya. Ila kabla ya kunukuu chochote shuka pembezoni mwa karatasi, usome. Karatasi za mfululizo wa Y742 zinazofunika Tanzania, kama zile za Y731 za Kenya, nyingi zilitengenezwa kwa ushirikiano na idara ya upimaji ya Uingereza iliyoitwa Directorate of Overseas Surveys, kutoka picha zilizopigwa na ndege. Kila karatasi inachukua dakika 15 kwa dakika 15, karibu kilomita 28 kila upande, na sentimita 2 juu yake ni kilomita 1 ardhini. Pembeni utakuta mwaka wa picha za ndege na mwaka wa uchapaji. Hiyo ni miaka miwili tofauti. Msitu uliochorwa ni wa mwaka wa picha. Anayelinganisha ramani na picha za setilaiti za Landsat, ambazo zimepigwa tangu 1972 na kutolewa bure tangu 2008, akitumia mwaka wa uchapaji, ataubana muda na kukuza kasi ya ukataji miti bila kujua.

Takwimu za watu zina mtego unaofanana, na huu umewaangusha hata waandishi wa ripoti. Tanzania imehesabu watu wake mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Chukua Mkoa wa Mbeya. Sensa ya 2012 ilikuta watu milioni 2.7. Ya 2022 ikakuta milioni 2.3. Mtu mwenye haraka ataandika kwamba watu wanaihama Mbeya, atatafuta sababu, na sababu zitapatikana, kwa sababu sababu hupatikana daima. Ukweli ni kwamba mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, nao peke yake ulikuwa na watu milioni 1.3 mwaka 2022. Eneo lile la zamani limekua kwa karibu watu milioni moja. Manyara ilitoka Arusha mwaka 2002. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilizaliwa 2012. Kabla hujalinganisha sensa mbili, weka ramani za mipaka ya miaka yote miwili mezani, moja kando ya nyingine, na ushuke hadi wilaya au kata uone kipi kinaweza kulinganishwa. Takwimu za jedwali bila ramani ya mwaka wake hazina kwao.

Vyumba ambavyo wengi hawaingii

Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam upo mkusanyiko uitwao East Africana. Vitabu vyake haviazimwi kwenda navyo bwenini, unavisomea hapohapo. Humo na katika mikusanyiko ya aina hiyo Makerere na Nairobi ndimo ilimo mali ambayo haiko intaneti: ripoti za mabonde ya mito, mipango ya miji iliyoachwa njiani, tasnifu za waliokutangulia, majarida ya zamani. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilianza mwaka 1936, na toleo lake namba 64, la 1965, lilitolewa lote kwa ajili ya Kilimanjaro: miamba, barafu, mimea, watu na historia katika juzuu moja. East African Geographical Review lilianza kutoka Uganda mwaka 1963. Ningekuwa na mamlaka, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekaa mchana mmoja na juzuu hizi, azisome bila insha ya kuandika, aone kwamba vijiji anavyovijua vilishapimwa, vikabishaniwa na kuchorwa kabla wazazi wake hawajazaliwa.

Tasnifu ndizo ninazozipenda kuliko vyote. Mwanafunzi wa uzamili aliyekaa miezi katika kata moja ya Rombo akihoji kaya na kupima mifereji ameweka humo majedwali ambayo hayakuingia katika jarida lolote. Maswali yake ya dodoso yako kwenye viambatisho. Unaweza kurudi kata ileile na kuuliza tena.

Ukikwama, mwendee mkutubi. Kuuliza si ujinga, lakini uliza ukiwa umejiandaa: mpe lile swali lako lililoandikwa, mpe maneno uliyoyatumia, mwambie umetafuta wapi na umepata nini. Shikamoo yako na dakika zako kumi zitakuokolea wiki. Wakutubi wa idara ya ramani na wa East Africana huyajua makabati ambayo katalogi haijayamaliza, na hufurahi anapokuja mtu mwenye swali la kweli.

Unapotoa kopi, usitoe kurasa unazozitaka tu. Toa na ukurasa wa jina la kitabu, na nyuma yake penye mwaka na mchapaji, na uandike kwa kalamu namba ya rafu na tarehe uliyosoma. Ukinakili maneno ya mwandishi, yafunge kwa alama za kunukuu palepale, pamoja na ukurasa. Ukiandika kwa maneno yako, weka alama nyingine unayoijua. Miezi mitatu baadaye daftari ndilo litakalokueleza lipi lilikuwa lako na lipi la mwenzio. Kwa ramani andika jina la karatasi, namba yake, mfululizo, toleo, na ile miaka miwili. Kwa takwimu andika sensa, jedwali, na ngazi ya eneo.

Itafika siku maktaba itasema basi, na utahitaji mvua za kituo fulani kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, ramani kutoka idara ya upimaji na ramani, au majalada kutoka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Jiandae kuulizwa barua ya utambulisho kutoka idara yako, na watakaokuhudumia watataka kujua hasa unachokitafuta: kituo kipi, miaka ipi, karatasi namba ngapi. Iombe barua hiyo mapema, kabla ya msimu wa mitihani, kwa sababu sahihi ya mkuu wa idara huchukua muda. Nenda nayo asubuhi, na penseli, maana chumba cha nyaraka kinaweza kukukataza kalamu ya wino.